Dirisha la Mokeira

Ijumaa ile Mokeira alilifunga dirisha lake jua likiwa bado halijagusa vilima vya Gwasi. Alikuwa na haraka. Jua likizama Sabato ingeingia, na yeye hakuwa mtu wa kukutwa na Sabato akiwa amelowa hadi mapajani, reki mkononi.

Dirisha lenyewe halikuwa la nyumba. Lilikuwa tundu katika bwawa.

Ukiliona bwawa la Kamsore wakati wa kiangazi huwezi kujua kama ni bwawa. Utadhani ni shamba la mboga lililomshinda mwenyewe. Magugumaji yameshikana mizizi tangu ukingo huu hadi ule, mayungiyungi yamejipenyeza penye nafasi, mafunjo yamesimama pembeni marefu kuliko mtu, na yangeyange wanatembea juu ya hayo yote bila kulowa magoti. Lakini chini ya mkeka huo maji ni meusi na baridi, na ngege, samaki wa magamba wa huku, ambao jua la Januari limewachoma kila penye uwazi, wamejazana humo kama watu chini ya turubai sokoni. Wavu haufai kitu. Ukiutupa utavuta majani mpaka kiuno kikuume, na samaki hutamwona. Kwa hiyo watu wa Kamsore huvua kwa madirisha.

Kiangazi kinapoanza, kila mvuvi hupanda chelezo cha mafunjo, ambacho bwawa zima linacho kimoja tu cha zamu, akaenda mahali anapopataka, akakata majani kwa panga mpaka lipatikane tundu lenye upana wa mlango wa jikoni. Kwenye pembe huchomeka miti ili majani yasirudi. Tangu hapo dirisha ni lake hadi masika, mvua zitakapoinua maji na kuuvunja mkeka wote. Atalipalilia kingo, atalilisha. Wengi hulisha machicha ya busaa, pombe ya nafaka. Mokeira, kwa kuwa ni Msabato, hakugusa machicha. Alilisha dirisha lake ukoko wa ugali na pumba, na wenzake wakamtania kwamba samaki wake wameokoka, ndiyo maana wanakuja kwenye ndoano kwa utaratibu kama watu wanaoenda kubatizwa.

Uvuvi wenyewe hauna mbwembwe. Ufito mfupi, mshipi mnene, chubwi nzito ya kupenya, mnyoo. Unashusha ndoano wima pembeni kabisa mwa dirisha, pale mizizi inaponing'inia kama ndevu, kwa sababu samaki mkubwa hakai katikati. Anakaa chini ya paa, anachungulia. Boya likizama huna nafasi ya kucheza naye. Unamnyanyua papo hapo, kama mtu anayechota ndoo kisimani. Ukimwachia ageuke mara moja tu amekwisha kujifunga mizizini, na utarudi nyumbani na hadithi.

Mokeira alikuwa hodari wa kunyanyua. Alikuwa ametoka Nyamira, akaja huku Lambwe kuuza nyanya, nyanya zikamwozea, akahamia kwenye samaki. Sasa alikuwa na kikaango chake kando ya barabara, na watu walikuwa wameanza kukijua. Ngege wote wa kikaango kile walitoka kwenye dirisha lake. Bila dirisha hakuna kikaango, na bila kikaango kulikuwa na njia moja tu, ya kurudi Nyamira nyumbani kwa kaka yake Kerosi, ambaye siku ya kumuaga alimwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha, asikigawe kile kitanda cha jikoni kwa sababu mwenyewe angerudi hivi karibuni. Mokeira alikikumbuka kitanda hicho kila alipoinama kupalilia dirisha.

Na aliyekuwa akilila dirisha hilo ni Jeff.

Jeff alikuwa jirani yake majini, kijana mwenye kofia ya mpira na maneno mengi, ambaye dirisha lake lilijaa majani kwa sababu kupalilia kulimchosha. Kwa siku sita lilikuwa dirisha la mtu mvivu. Siku ya saba, Jumamosi, Mokeira akiwa kanisani, Jeff alihamia kwake. Jumapili mwenye dirisha alikuta chakula kimeliwa, kingo zimekanyagwa, na ngege waliobaki wamekuwa waoga hata mnyoo wanaukimbia. Siku moja alikuta hata ganda la miwa likielea katikati, kama mtu aliyelala kitandani kwako akakuachia na soksi.

Alimwuliza. Jeff hakukana. Alisema alikuwa analinda.

"Unalinda na ndoano?"

"Sasa sista, mlinzi naye si anakula?" Jeff akacheka. "Wewe ndio umeamua samaki wapumzike. Wao hawajaokoka, hao wana njaa."

Mokeira akapeleka malalamiko kwa Phelesia. Phelesia ndiye aliyekuwa mkubwa wa bwawa, mjane mwenye mgongo ulionyooka na macho yaliyoanza kuingia ukungu, na watu wote walimwita Dani, nyanya, wawe wajukuu zake au wasiwe. Dani alimpenda Mokeira kwa sababu ya mumi. Mumi, yule samaki wa ndevu asiye na magamba, Mokeira hakumla wala hakumkaanga, imani yake haikumruhusu. Kila alipomnasa alimrusha ukingoni, na Dani alikuwa amejenga tabia ya kukaa ukingo huo na sufuria. Lakini katika shauri la Jeff hakuwa na msaada. Alisema dirisha lisilo na mshipi mchana kutwa halina wa kulisemea, na kwamba watu wa Kamsore hawajawahi kuwa na siku ambayo bwawa linalala. Akamshauri azungumze na Jeff vizuri, kwa sababu ni mtoto mzuri, ila tumbo lake ndilo baya.

Mokeira akaenda kulifikiria jambo hilo mwenyewe. Duka likifungwa, mwenye duka hushusha mlango. Kwa nini dirisha lisishushwe mlango? Ijumaa ile akapanda chelezo, akakata bonge la magugumaji yaliyoshikana vizuri, akalivuta kwa kamba mpaka juu ya dirisha lake, akalisokomeza kati ya miti minne, akalibana kwa reki. Lilikaa kama kifuniko cha sufuria. Aliporudi ukingoni akageuka, hata yeye hakujua tena dirisha lilikuwa wapi. Akafurahi, akaenda kuoga.

Asubuhi ya Sabato, njiani kwenda kanisani, alipishana na Jeff. Alikuwa na ufito begani na kopo la minyoo.

"Sabato njema, nyar Kisii," Jeff alimwambia, maana wengi pale walimwita hivyo, binti wa Kisii. "Niombee na mimi."

"Nitakuombea sana leo," Mokeira akamjibu, akapita.

Jambo ambalo Mokeira hakulijua, kwa kuwa alikuwa na kiangazi kimoja tu Kamsore na katika muda huo hakuna mvuvi aliyekufa, ni hili. Dirisha la pale halifungwi na mtu aliye hai. Mvuvi akifariki, wenzake huenda na chelezo wakalivutia majani dirisha lake, wakalifunika, na hakuna atakayetia ndoano hapo mpaka masika yapite. Ndiyo mazishi ya majini. Yale ya nyumbani yana siku yake. Dirisha la mwisho kufungwa lilikuwa la mume wa Phelesia, na Phelesia mwenyewe ndiye aliyeshika kamba.

Basi Jumamosi hiyo Dani alipofika ukingoni na sufuria yake kwa mazoea tu, akakaa, akatazama mahali alipozoea kutazama, hakuona maji. Aliona majani. Akasimama, akasogea, akakaza yale macho yake yenye ukungu, akaona majani. Jeff alikuwa pale karibu, amekaa juu ya kopo la minyoo bila la kufanya. Dani alimwuliza ni nani amefunga dirisha la nyar Kisii. Jeff akasema hajui, amelikuta hivyo.

Na hapo alisema kweli. Kisha Dani akaweka mikono kichwani na kuanza kulia, na Jeff akanyamaza.

Kilio cha Phelesia kilikuwa kilio cha mtu anayejua kazi. Kilipofika barabarani wanawake wa upande wa mbali waliacha majembe. Hakuna aliyeuliza maswali mengi. Dirisha lilikuwa limefungwa, kila mwenye macho aliliona. Wakaelekea nyumbani kwa Mokeira, wakakuta mlango una kufuli, na kufuli hilo likazidi kuwaliza, kwamba maskini amefia ugenini, pengine hospitali, bila mtu wa kwao. Wakatandika mikeka uani. Bonface, ambaye alikuwa na dirisha upande wa mafunjo na pia ndiye aliyetunza viti vya plastiki vya kijiji, alileta viti. Kisha mtu akakumbuka kwamba marehemu alikuwa Msabato na kanisa lake ndilo lingejua namba ya ndugu zake, wakamtuma huyo huyo Bonface.

Kanisani walikuwa katikati ya wimbo. Bonface aliingia ameivua kofia, akapita ukutani kwa adabu, akamnong'oneza mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa akafumba macho kwa muda. Wimbo ulipoisha akasimama, akasema kwa masikitiko kwamba wamepokea habari nzito siku hii takatifu, kwamba mwenzao mpendwa, dada Mokeira, Bwana amemtwaa.

Dada Mokeira alikuwa mstari wa tatu, na kitabu cha nyimbo mapajani.

Wanawake waliokaa naye waligeuka wakamtazama. Yeye naye, kwa namna mtu anavyofanya akisikia jina lake, aliinua mkono. Bonface alipoufuata mkono huo na kuuona uso ulioko chini yake, alikaa sakafuni palepale mbele ya madhabahu, kofia kifuani.

"Bonface," Mokeira alisema, "nani amekuambia nimekufa?"

"Dirisha lako," Bonface akasema.

Nyumbani alikuta viti vimepangwa, moto umewashwa, na kuku wa jirani amekwisha kuchinjwa. Dani alikuwa mkekani, sauti imemkauka. Alipomwona Mokeira hakupiga kelele. Alimshika mkono, akaubonyeza kama mtu anayechagua parachichi, akahakikisha. Kisha akauachia, na uso wake ukabadilika.

Akamwuliza nani alimfungia dirisha. Mokeira akasema amelifunga mwenyewe. Akaeleza sababu. Kadiri alivyoeleza ndivyo wanawake walivyozidi kusogea nyuma, na mmoja akaokota shuka yake akaikung'uta kana kwamba imeingia kitu. Walimwambia basi maana ya dirisha kufungwa. Ndipo Mokeira alipojua, akamwona Dani akijifuta macho kwa ncha ya leso, na akaelewa kwamba kilio kile hakikuwa cha kumlilia yeye peke yake.

Kuku akaliwa, kwa sababu amekwisha kuiva.

Jumapili waliitana ukingoni, wenye madirisha wote, kando ya chelezo. Bonface ndiye aliyefungua maneno. Alisema jambo lenyewe si gumu. Mtu amejizika mwenyewe akiwa hai, amewaliza watu, na ameliitia bwawa kifo, hata kama hakukusudia. Dawa yake inajulikana: aje na kuku mweupe, asimame mbele ya wenye madirisha, aombe msamaha, liishe. Asipotaka, dirisha si lake tena. Litafunguliwa na jirani, maana ndiyo desturi.

Jirani alikuwa Jeff. Jeff alikohoa, akasema yeye hana neno na mtu, ila desturi ni desturi. Akasema kwa kweli aliumia sana jana. Akasema hata usingizi hakupata, kwa kumfikiria nyar Kisii namna alivyokuwa mtu wa watu.

Mokeira alikuwa amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Mpaka hapo alikuwa amekusudia kusema samahani. Alikuwa hata amekwisha kumwazia kuku, wa kuazima kwa mama wa jirani. Lile neno la usingizi ndilo lililombadilisha.

"Jeff," alisema, "jana asubuhi ulikutana na nani njiani?"

Jeff akasema alikutana na watu wengi, ilikuwa Jumamosi.

"Uliyemwambia Sabato njema ni nani?"

Watu wakamtazama Jeff. Jeff akatazama chelezo.

"Uliniambia nikuombee. Ulikuwa na kopo lako la minyoo, ulikuwa unakuja hapa hapa, kwangu. Ukakuta pamefungwa. Halafu Dani analia mbele yako, unamwangalia. Viti vinapita, unaviangalia. Bonface anatumwa kanisani, unamwangalia. Ulikuwa unangoja nini, omera, ndugu yangu? Nifike kaburini ndio uwaambie umeniona?"

"Sikuwa na uhakika kama ni wewe," Jeff akasema.

Hata Bonface alicheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, hakikukubali. Kikawashika na wengine, ila Dani hakucheka. Aligeuza shingo polepole mpaka akamfikia Jeff.

"Nililia mpaka sauti ikaisha," alimwambia. "Na wewe umekaa hapo juu ya kopo."

Jeff akaanza kusema kwamba alidhani, kwamba alitaka, kwamba Dani ajaribu kumwelewa. Dani akainua mkono kumkatiza. Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Dani alisema kwamba tangu siku hiyo hakuna atakayetia ndoano kwenye dirisha la nyar Kisii siku ya Sabato, na atakayetia atatoka na miti yake bwawani. Jeff ndiye atakayeleta kuku, na si mweupe tu bali na mnene, kwa sababu yule wa jana alikuwa wa watu. Kuhusu dirisha kuhamia kwa jirani, hakuna aliyetaja tena. Jirani mwenyewe alikuwa anaitazama miguu yake.

Mokeira akainuka kuchukua ndoo. Bonface akamzuia kwa upole. Alisema sawa, Jeff ana kosa lake. Lakini dirisha lilifungwa, na si Jeff aliyelifunga. Neno moja tu lilibaki, la kuweka mambo sawa, awaambie Dani na wenye madirisha, kila mtu aende nyumbani. Hata bila kuku.

Wengine wakaitikia. Waliitikia kwa wema, na wema huo ndio uliomuudhi. Mokeira aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowarushia mumi kiangazi kizima, na ambao kiangazi kizima walimwona Jeff kwenye dirisha lake kila Jumamosi wakageuzia macho upande wa mafunjo. Akamwambia Dani kwamba amesikitika kwa machozi yake, kwamba kama angejua maana ya majani yale angetafuta kifuniko kingine, na kwamba jioni atamletea ngege mzima wa kikaango. Hayo aliyasema yote, na aliyasema kwa heshima. Kisha akasema kwamba kuomba msamaha kwa kufunga kilicho chake, baada ya kushtaki asisikilizwe, hilo hataliweza.

Bonface akasema basi asipewe chelezo. Chelezo ni cha watu wote, na asiyepatana na watu hawezi kukipanda. Wakatazamana, wakakubaliana, kwa sababu ilibidi wakubaliane na kitu. Mwishoni Dani naye akatikisa kichwa kukubali.

Kuanzia Jumatatu Mokeira alikwenda kwenye dirisha lake kwa miguu. Kwa chelezo safari hiyo ilichukua pumzi chache. Kwa miguu ilikuwa kazi ya kumwagia mtu jasho ndani ya maji. Matope yalimshika magotini, magugumaji yalimfika kifuani, akayagawa kwa mikono huku ndoo ikielea nyuma yake kwa kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Ruba walimkaa nyuma ya magoti, akawabandua kwa chumvi. Lakini aligundua kitu pia: mtu aliyesimama majini bila kutikisika, ndani ya majani, ngege hamwogopi kama anavyoogopa kivuli cha chelezo. Wiki hiyo kikaango hakikulala bila samaki. Ijumaa, kabla ya jua kugusa Gwasi, alivuta turubai la bluu juu ya dirisha, si majani, akalifunga kwenye miti yote minne. Turubai hilo lilionekana tangu barabarani. Hakuna ambaye angelia kwa ajili ya turubai.

Jumapili alikuwa amesimama mahali pake, maji kifuani, aliposikia mafunjo yakichakarishwa. Kilikuwa chelezo, Jeff akisukuma upondo kwa uso wa mtu anayelipia dhambi, na Dani ameketi mbele na sufuria yake mapajani. Dani akamwamuru Jeff asimame karibu, ila si karibu sana, asitishe samaki. Alitazama turubai lililokunjwa kwenye mti. Alimtazama Mokeira, matope mashavuni, ruba mmoja shingoni.

"Nyar Kisii, utaumwa na baridi humo," alisema. "Sema tu neno. Moja. Upande hapa tukae."

Boya likazama. Mokeira akanyanyua papo hapo, wima, kama anachota ndoo, na kilichotoka kilikuwa na ndevu, kinang'aa, kirefu kama mkono. Mumi. Akamchomoa ndoano, akamrusha kupita juu ya majani, naye akatua sawasawa ndani ya sufuria ya Dani, maji yakamrukia Jeff usoni. Dani akamshika samaki kwa mikono yote miwili asiruke, akasubiri.

Mokeira akachagua mnyoo mwingine kwenye kopo lake.

"Mpike na nyanya, Dani," alisema. "Msamaha siombi."